Operesheni za watu trans: chaguzi ni zipi na kupona kunakuwaje (uzi mrefu, njoo na chai)

mvuvi_wa_tudor

Wadau salaam. Inbox yangu imejaa maswali yale yale kwa hivyo wacha niyaweke hapa pamoja. Mimi ni mwanamume trans, yaani nilizaliwa nikaandikwa msichana, mtoto wa Mombasa, siku hizi naishi Toronto, kifua nishafanya, ya chini (sehemu za siri) sijafanya na sina haraka nayo. Mi si daktari, humu yupo nesi mmoja mzuri atanirekebisha nikipotoka.

Kitu kinachonishangaza ni kuwa karibu kila anayeniandikia anauliza bei na jina la daktari, hakuna hata mmoja anayeuliza nani atamwosha mgongo baadaye. Operesheni ya kifua ni masaa mawili, matatu, manne, wewe umelala hujui lolote. Shughuli yenyewe ni zile wiki zinazofuata. Na ninaowajua waliopata shida, wengi wao kisu kilikuwa salama, wakaharibu nyumbani kwa sababu hela zote zilienda kwa operesheni, kodi ikawasubiri, wakarudi kubeba maboksi ghalani kabla mshono haujakaza. Kwa hivyo mimi nasema hesabu ya kupona ipigwe kwanza, ya kisu ifuate.

Haya, kifua. Njia zinazotumika sana ni mbili tatu hivi. Mwenye kifua kikubwa anapasuliwa mikato miwili chini ya kila upande, nyama inatolewa, chuchu zinakatwa zinapunguzwa na kupandikizwa upya mahali pa chini kidogo na pa pembeni kama za mwanamume. Mwenye kifua kidogo na ngozi inayovutika vizuri anaweza kupata mkato mdogo tu ukingoni mwa chuchu, kovu halionekani sana. Watu wote wanataka hiyo ya pili. Lakini hapo hauchagui wewe, kinachochagua ni ukubwa wa kifua na ngozi yako, na daktari akikulazimishia mkato mdogo wakati ngozi ni nyingi utabaki na mikunjo halafu urudi kupasuliwa tena.

Baadaye unaamka na kifua kimefungwa vesti ya kubana kabisa, na madaktari wengi wanaweka mirija miwili ubavuni yenye vichupa vya kukusanya damu na maji. Ile mirija inakaa kama wiki, inategemea inatoa kiasi gani. Kila siku unamwaga, unapima, unaandika. Inawasha, inavuta, utaichukia. Vesti inaendelea wiki kadhaa, wengine wanaambiwa tatu wengine sita. Mikono isipande juu ya mabega, usibebe kitu kizito zaidi ya kilo 4 au 5 kwa mwezi mmoja na nusu hivi, na kulala ni chali na mito mpaka uchoke dunia. Kazi ya ofisini watu wanarudi baada ya wiki moja mbili, kazi ya mikono sahau kabla ya wiki sita.

Chuchu sasa. Bandeji ikitolewa mara ya kwanza zinaweza kuwa nyeusi, zina magamba, mbaya kabisa kuziangalia. Mara nyingi ni ngozi ya juu tu inakufa, chini kuna nyekundu mbichi inakuja. Usibandue! Hisia za pale kwenye kupandikiza zinapungua sana au zinakwisha, hilo ulijue kabla ya kusaini.

Hapa Ontario bima ya mkoa inalipa kutoa matiti, lakini kukichonga kifua kiwe na umbo la kiume wanahesabu ni urembo, hiyo unalipa mwenyewe. Na tangu 2016 daktari wa kawaida au nesi mwenye mafunzo anaweza kukuandikia barua ya kukupeleka kwa operesheni, zamani kila mtu alikuwa anapitia kliniki moja tu hapa Toronto, foleni ilikuwa balaa.

Ulizeni.

---

bi_mdogo_254

Asante kaka. Mimi niko Nairobi, mwanamke trans, niko kwa homoni kitambo sasa. Naweka pesa niende Bangkok, ndio watu wengi wa huku wanaenda wakipata uwezo. Nataka ya chini kabisa, siyo ya kutoa korodani peke yake. Nikisoma mitandao kila mtu anasema jambo lake, wengine wanasema kinyume cha wengine. Mtu anisaidie kunyoosha hizi njia tafadhali, na kule nikae muda gani.

---

nesi_wa_zamu

@bi_mdogo_254 karibu dada. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji, Mkenya niko Canada, hawa wagonjwa nawahudumia karibu kila wiki.

Tuanze na ndogo. Kutoa korodani peke yake ni operesheni fupi, unarudi nyumbani siku ile ile, mwili unaacha kutengeneza testosteroni na unaachana na zile dawa za kuizuia. Wengine wanaishia hapo na wameridhika. Kitu cha kujua ni kwamba ukishatoa, homoni ni za maisha, ukiacha mifupa inaisha nguvu.

Halafu kuna kutengeneza sehemu ya nje tu, bila njia ya ndani, au kwa kina kidogo sana. Kwa nje inaonekana kamili, kinembe kina hisia, mkojo unatoka panapotakiwa. Kupona kwake ni kwepesi zaidi na hakuna kazi ya kuipanua njia kwa kifaa kila siku. Hii watu hawaizungumzii, wanadhani ni nusu operesheni. Sio. Kama ngono ya kuingiliwa siyo muhimu kwako, au una ugonjwa unaofanya ile kubwa iwe hatari, ifikirie kwa uzito.

Ile kubwa yenyewe, njia ya ndani inatengenezwa kwa ngozi ya uume iliyogeuzwa, wakiongezea ya korodani ikiwa haitoshi. Ambao ngozi ni kidogo wanaweza kutumiwa utando wa ndani ya tumbo, au kipande cha utumbo mpana. Ya utumbo inajilainisha yenyewe na ina kina, lakini ni operesheni ya tumbo juu ya operesheni nyingine na ule ute hauna mpangilio, unatoka tu. Kinembe kinatengenezwa na kichwa cha uume kikiwa bado kimeunganishwa na mishipa yake ya fahamu, ndiyo maana hisia zinabaki.

Tezi dume HAITOLEWI. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu miaka ishirini baadaye utakuwa kwa daktari ambaye hajui, na utatakiwa kumwambia. Na kipimo cha damu cha tezi dume kwa mtu aliye kwenye estrojeni kinasoma chini kuliko kawaida, kwa hiyo namba ndogo isiwatulize bure.

Baada ya operesheni njia inajazwa pamba na bandeji maalum, unakaa nayo siku tano hadi saba, na katheta, ule mrija wa kutolea mkojo. Thailand wengi wanakutaka ubaki karibu kama wiki tatu au nne kabla ya kupanda ndege. Usijaribu kufupisha kwa sababu ya bei ya hoteli. Pia utaonana na daktari wa akili wa kule kule hata kama umebeba barua za nyumbani, weka hiyo kwenye ratiba.

---

chura_wa_spree

Niongezee kwa anayeishi nayo. Niko Berlin, bima ilinilipia baada ya kuzungushwa sana na makaratasi.

Dada @bi_mdogo_254, wakati watu wanakuambia "kupanua" wanakuambia kwa sentensi moja na kupita. Nataka ukae nayo. Miezi mitatu ya kwanza ni mara tatu kwa siku. Unalala, unapaka jeli, unaingiza kile kifaa cha plastiki kigumu, unakaa dakika kumi mpaka ishirini inategemea maelekezo ya daktari wako, unajiosha, unaosha kifaa, unakausha. Ukimaliza ya mchana unaona ya jioni inakuja. Baada ya hapo inapungua, mara moja kwa siku, halafu mara kadhaa kwa wiki, mwishoni mara moja moja kwa wiki lakini haiishi, ni ya maisha. Ukiacha mwanzoni njia inajifunga na kuifungua tena ni operesheni nyingine ngumu kuliko ya kwanza.

Sasa jiulize, unakaa na nani? Una chumba chenye mlango unaofungwa? Kama Nairobi unakaa na kina mama na wadogo zako chumba na sebule, utafanya wapi mara tatu kwa siku, na hivi vifaa utaficha wapi, mimi hilo ndo ningelifikiria kabla ya tiketi ya ndege. Hata ukodishe chumba peke yako miezi mitatu, ni sehemu ya gharama.

Mengine ambayo hayakuandikwa kwenye vijikaratasi: damu kidogo na uchafu wa njano kwa wiki nyingi, mkojo unaonyunyiza kila upande mpaka uvimbe ushuke, kukalia mto wenye tundu. Na kuna vinyama vyekundu vinaota kwenye mshono, vinatoa damu, ukiviona unafikiri umeoza. Ni kawaida, daktari anavichoma na dawa ya fedha kliniki dakika mbili. Uvimbe wenyewe usihukumu umbo kabla ya miezi, mimi wiki ya pili nilijiangalia kwa kioo nikalia, nikamwambia mwenzangu wameniharibu. Haikuwa imeharibika, ilikuwa imevimba.

---

mzalendo_halisi

Haya mambo ya wazungu mnatuletea ya nini. Afrika hatuna hii kitu.

---

mlima_meru

@mzalendo_halisi mkuu, daktari aliyefanya watu wa dunia nzima wapande ndege kwenda kutengenezwa uke alikuwa na kliniki yake Casablanca, Morocco. Georges Burou, Mfaransa, alianza pale 1956, na ile njia ya kugeuza ngozi ya uume ambayo nesi ameieleza hapo juu ndiyo aliyoifanya yeye. Mwaka 1973 akaenda Stanford kuwaeleza Wamarekani anavyofanya. Kwa hiyo wazungu ndio walikuwa wanakuja Afrika. Na Groote Schuur, Cape Town, hospitali ya umma kabisa, wana kliniki ya watu trans mpaka leo, tatizo lake foleni, inasemwa mtu anaweza kusubiri zaidi ya miaka 20.

Na wa kwetu pia wapo hadharani. Audrey Mbugua alienda mahakama kuu Nairobi, 2014 mahakama ikaamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake. Sasa turudi kwenye mada.

---

kijana_wa_keko

Wakuu mimi swali langu ni makovu. Mimi nikikwaruzwa tu kovu linavimba, sikio nilitoboa likaota kitu kama harage. Kifua si ndio kitakuwa balaa? Picha zote naziona ni za wazungu, kovu mstari mwembamba pinki, mimi najua kwangu haitakuwa hivyo.

---

mvuvi_wa_tudor

@kijana_wa_keko swali zuri kuliko yote humu, na ndilo lililonikosesha usingizi mimi pia.

Ngozi nyeusi inaota keloidi zaidi, yaani hayo makovu yanayovimba kama harage, hiyo siyo hadithi, na katikati ya kifua na mabega ni mahali pake hasa. Kwa hivyo mwambie daktari siku ya kwanza, muonyeshe lile sikio, na muulize ameshapasua watu weusi wangapi na akuonyeshe picha zao baada ya mwaka, si baada ya mwezi. Akikujibu "usijali utapona vizuri" bila kuangalia sikio, mi ningetafuta mwingine. Mwombe pia mikato isikutane katikati kama inawezekana, ibaki na nafasi pale kwenye mfupa wa kifua.

Mshono ukishafunga kabisa, wiki ya pili ya tatu hivi, anza karatasi za silikoni, zile za kubandika, unakaa nazo karibu siku nzima kwa miezi. Hapa zinauzwa famasia, na zinaoshwa zinatumika tena. Jua lisipige kovu, litakuwa jeusi. Kuvuta ndio adui, kwa hivyo ile habari ya kutopandisha mikono siyo tu mshono usiachie, ni kovu lisipanuke pia. Kovu linabadilika mpaka mwaka na nusu, la mwezi wa tatu ndilo baya kuliko yote.

---

nesi_wa_zamu

Yuko sawa. Niongeze tu: ukiona kovu linaanza kunyanyuka, linawasha, linang'aa, usisubiri liwe harage. Sindano za steroidi ndani ya kovu kila wiki nne hadi sita zinasaidia sana zikianza mapema. Wanaokata keloidi bila kitu kingine mara nyingi inarudi kubwa zaidi, wakikata wanaongeza sindano au mionzi kidogo.

Na sigara. Na SHISHA. Watu wetu wanasema "mi sivuti, navuta shisha tu". Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, chuchu iliyopandikizwa inakula kwa ile mishipa midogo, ikibanwa inakufa. Acheni wiki nne angalau kabla na nne baada, za umeme pia. Wa miraa wamwambie daktari wa ganzi ukweli, inapandisha presha na mapigo ya moyo, yeye hakushtaki kwa mtu, anataka usife mezani.

---

dada_mtu

Habari zenu. Mimi sio trans, ni dada yake. Mdogo wangu anafanyiwa kifua mwezi ujao huko Minnesota, mimi nimeomba ruhusa kazini niende kumuuguza, mama hajui. Nimesoma uzi wote nalia tu. Naomba mniambie nifanye nini hasa nikifika, nipike nini. Sitaki kumsumbua kwa maswali yeye ana hofu zake.

---

mvuvi_wa_tudor

@dada_mtu Mungu akuweke dada yangu. Mimi niliuguzwa na rafiki ambaye hata chai alikuwa hajui kupika, lakini alikuwepo.

Siku za kwanza mbili tatu usimuache peke yake, dawa za maumivu zinamfanya kizunguzungu. Weka kila kitu usawa wa kiuno, vikombe, chaja, dawa, kwa sababu hawezi kunyanyua mkono kabatini. Mashati ya vifungo mbele, makubwa. Mrija wa kunywea maji. Kuoga hawezi mpaka aruhusiwe, utamfuta kwa kitambaa, na hapo ndipo aibu yote iko, muulize mapema anataka umfute wewe au umpe kitambaa ugeuke. Kumwaga vichupa vya damu fundishwa na nesi kabla hamjatoka hospitali, umwage wewe mbele yake uone.

Chakula: zile dawa kali zinafunga choo, hilo litamuumiza kuliko kifua. Uji wa wimbi, papai, mboga, maji mengi, na famasia wanauza dawa ya kulainisha choo, aanze nayo siku ile ile asisubiri. Pilipili mpe ukiona anaitaka, ni dalili nzuri hiyo.

Cha kukimbilia nacho hospitali: upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza kuliko mwingine, hiyo ni damu inajikusanya ndani, mara nyingi ni siku ya kwanza na ya pili. Homa, wekundu unaosambaa, usaha. Na mguu mmoja kuvimba au kukosa pumzi, hiyo usipige simu kwa rafiki, piga ambulensi.

Na kitu kingine, siku kadhaa baadaye anaweza kulia bila sababu, atasema hata hajui kwa nini, kumbe amekingoja kifua hiki miaka. Ganzi, dawa, kukaa ndani bila kutembea. Inapita. Usimuulize kama anajuta.

---

msomaji_tu

Hapo kwenye kujuta, wapo au hawapo? Tusifichane.

---

chura_wa_spree

Wapo. Kuna uchambuzi wa 2021 uliokusanya tafiti 27, watu 7,928 kwa jumla, waliojuta walikuwa kama 1%. Ni kidogo mno ukilinganisha na operesheni nyingine watu wanazofanya. Lakini mimi hiyo namba naishika kwa tahadhari, kwa sababu tafiti nyingine ndani yake zilifuatilia watu muda mfupi, na wengine walipotea hawakujibu. Ninachokiona mimi kwa wenzangu ni watu waliochukia matokeo, kovu, fistula (tundu lisilotakiwa), mkojo, huku wakiwa hawataki kurudi walikotoka hata kidogo. Hivyo ni vitu viwili na magazeti yanavichanganya.

---

abu_siri

Assalaam aleikum. Mimi wa Unguja, niko Uingereza, nasubiri foleni ya kliniki zao, miaka. Yakhe @mvuvi_wa_tudor, hili huwa nawaza na sina wa kumuuliza. Sala. Kusujudu na mshono wa kifuani inakuwaje, na udhu bandeji zisirowe?

---

mvuvi_wa_tudor

Waaleikum salaam. Nilisali nimekaa kwenye kiti, ishara ya kichwa kwa rukuu, na ya sujudu nainama zaidi kidogo. Mgonjwa anasali anavyoweza, hilo tulifundishwa chuoni wote, halikuhitaji fatwa ya operesheni. Udhu, viungo vya udhu mikono na uso na miguu viko wazi, ilikuwa kifua tu kisirowe, kwa hivyo niliweza, ila kufikisha mkono kichwani kupaka maji nilimwomba mtu mwanzoni. Siku ambazo sikuweza kabisa nilitayamamu. Kusujudu kwa kujiegemeza mikono miwili sakafuni nilingoja mpaka daktari aruhusu kubeba uzito, maana pale unabeba mwili wako.

---

abu_siri

Allah akujaze kheri. Umenitoa mzigo.

Sasa wa ya chini kwa wanaume hakuna aliyeongea.

---

mlima_meru

Nipo. Niko Uholanzi, nilifanyiwa Ghent, Ubelgiji, wale jamaa wamefanya hii kitu kwa mamia ya watu. Nitakuwa mkweli.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, kinembe ambacho kimekua kwa testosteroni kinafunguliwa kutoka kwenye vishikio vyake kinasimama chenyewe. Kinabaki kidogo, sentimita 4 mpaka 6 hivi, lakini hisia zote zipo na kinasimama chenyewe bila pampu. Belgrade, Serbia, wanajulikana sana kwa hii. Kupona ni kwepesi kuliko ile nyingine.

Ya pili ni kutengeneza uume wa ukubwa wa kawaida kwa nyama ya mahali pengine, mara nyingi mkono wa ndani, kutoka karibu na kiganja mpaka chini ya kiwiko, au paja. Wanachukua ngozi pamoja na mshipa wa damu na wa fahamu, wanakunja, wanaunganisha kule chini kwa hadubini. Halafu mkono unazibwa kwa ngozi ya pajani. Kwa hiyo una majeraha matatu, chini, mkono, paja, na nakwambia paja ndilo liliuma kuliko yote. Siku za mwanzo hulali, kila saa nesi anakuja na kimashine kusikiliza kama damu inapita. Kabla hawajachukua mkono wanapima kama kiganja kitaishi kwa mshipa uliobaki, na nywele za mkono lazima ziondolewe kabisa, kwani mrija wa mkojo utatengenezwa na ngozi ile, nywele zikiota ndani ya mrija ni mawe na maambukizi.

Hisia zinarudi polepole, mshipa wa fahamu unakua kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kifaa cha kusimamisha kinawekwa baadaye, karibu mwaka, wakisubiri hisia zifike kwanza ili kisikutoboe bila wewe kujua. Kizazi wengi wanatakiwa kutoa kabla au wakati huo.

Upande mbaya ni mkojo. Kuvuja kwenye tundu lisilotakiwa, au mrija kujibana, yanatokea kwa sehemu kubwa ya watu, siyo mmoja mmoja, na mengi yanahitaji kurudi kwa kisu. Mimi nilipata tundu moja, likajifunga lenyewe kwa katheta ndefu. Mwenzangu wa chumba amerudi mara kadhaa na bado. Kuna wanaoamua kabisa wasirefushe mrija, wanakojoa kwa kukaa, wanaepuka hayo yote. Nilikuwa nawaona waoga. Nikiwa na katheta yangu niliwaona wana akili.

Ukienda jua ni hatua kadhaa za miezi na miezi, na mwajiri anatakiwa akuelewe. Huu sio upasuaji wa likizo.

---

bi_mdogo_254

Nimesoma yote, asanteni sana. Imebaki mawili. Moja, nikirudi Nairobi na kitu kiharibike, naenda wapi na nasema nini? Nilishawahi kwenda hospitali moja na malaria tu, wakaitana wafanyakazi kuja kuniangalia. Pili, hii habari ya kuondoa nywele kwenye ngozi itakayotumika, naanza lini?

---

nesi_wa_zamu

Pole kwa hilo dada, halikuwa la haki.

Kabla ya kutoka Bangkok omba ripoti ya upasuaji, ya Kiingereza, yenye nini kilifanywa, ngozi gani ilitumika, dawa zote, na namba ya kuwapata kwa maandishi. Weka kwenye simu na nakala kwa mtu unayemwamini. Tafuta daktari Nairobi KABLA hujaondoka, wa mkojo au wa akina mama, uende na hela ya kumwona mara moja, umwambie wazi, umuulize kama atakupokea ukirudi. Akikataa umeokoa dharura. Mashirika ya watu trans ya hapo Kenya wanajua madaktari gani ni watu, anzia kwao, usianzie google.

Usiku wa manane ukifika mahali hawakujui, huna haja ya kuhadithia maisha yako mapokezi. Sema umefanyiwa upasuaji wa chini ya tumbo wiki kadhaa zilizopita nje ya nchi, una damu, au homa, au mkojo haupiti, unamtaka daktari faragha. Daktari ndani ndiye mwambie yote. Kinyesi au hewa kutokea njia ya mbele, hiyo ni tundu kati ya njia mbili, ni nadra lakini haisubiri asubuhi.

Ndege: soksi za kubana, simama utembee, maji. Waulize pia kuhusu estrojeni, madaktari wengine wanataka usimamishe kabla, wengi siku hizi hawasimamishi, fuata wa kwako.

Nywele anza sasa. Kweli sasa hivi, maana inachukua karibu mwaka na lazima uache wiki kadhaa kabla ya operesheni ngozi itulie. Kwa ngozi yetu omba leza inayoitwa Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, nyingine zinachoma ngozi nyeusi. Ile ya sindano ya umeme inafanya kazi kwa ngozi yoyote lakini ni polepole na inauma, paka ganzi. Muulize daktari wako akutumie mchoro wa sehemu gani hasa, usilipie mahali hapahitajiki.

---

bi_mdogo_254

Mchoro huo nitauomba leo leo. Na ukodishaji wa chumba @chura_wa_spree nimeuandika kwenye bajeti, imepanda vibaya sana, nadhani ni mwaka ujao mwishoni, siyo huu.

---

dada_mtu

Nimenunua mashati manne ya vifungo. Mto wa kulalia chali mnautumia upi, wa kawaida au kuna wa hospitali?

---

mvuvi_wa_tudor

Wa kabari, wenye mteremko, na miwili ya kawaida chini ya mikono. Na mmoja mdogo kwenye gari siku ya kutoka hospitali, auweke kati ya mkanda na kifua.